Jina Kinyume

Mbao sita za mwembe tuliziunga uani kwa Lali,
zikawa ubao mmoja usiotoka mlangoni,
basi kazi ikamalizikia papo hapo.
Kila nyumba ya Langoni ilipata shubiri nne za kuchonga.
Bwanaheri alichonga punda wake mwenye sikio pungufu.
Patasi ikamla Shekuwe kidole,
tone likazama kwenye mti. Fundi akasema: liacheni.

Mimi nilichonga jina la mama, TIMA.
Siku tatu, herufi nne.
Tulimzika Mfungo Sita, watu wakitoka maulidini.

Wino ukapakwa, gora la bafta likatandazwa juu.
Gari la kushindilia tungelipitisha wapi, kwa vichochoro hivi?
Tukavua viatu:
bibi harusi wa juzi na hina yake mbichi,
wachukuzi wa mawe, muuza kaimati,
kisigino, wayo, kisigino,
kama wakandao udongo.

Bafta ikafunuliwa.
Sikio la punda limehama upande; Bwanaheri akaapa si wake.
Na mama?
AMIT.
Herufi zote zimesimama wima, zimebadilishana viti tu.
“Amit ndiye nani?” watoto wakacheka,
nami nikaanza kutafuta viatu vyangu.

Ndipo Mwanaesha, dadake,
aliyezijua herufi hizi ukubwani, darasa la gumbaru,
akaweka kidole mwisho wa neno, kulia,
kama afunguaye msahafu,
akarudi nalo polepole kushoto.
Hakusema kitu. Alisoma mara mbili.

Nyayo zangu zilikaa nyeusi hadi mwezi kuandama.