Jezi Namba Tisa

Mechi kumi na moja hatujashinda.
Nahesabu kwa kamba yangu ya kuanikia,
maana ubao wa matokeo pale uwanjani
uliangushwa na upepo, na hakuna aliyeona haja ya kuuinua.

Kila Jumatatu gunia linatupwa mlangoni,
jezi kumi na nane, soksi zimejisokota kama nyoka waliokufa,
na mimi Athieno, mfuaji wa timu ya Mwamba, hapa Tororo,
ambaye malipo yangu yalikatika tangu mechi ya sita,
nalowesha, nasugua, nasonya.

Msidhani mimi ni malaika wa sabuni.
Siku tuliyofungwa na Busia manne kwa nunge
nilisimama juu ya tofali nikamtukana mwamuzi,
nikamtukana kocha, nikamtukana Ochwo golikipa,
mpaka mama yake, aliyekaa mbele yangu,
akageuka akaniuliza taratibu:
"Umemaliza, au nikupe maji ya kunywa kwanza?"
Nikayanywa.

Mji umenuna.
Owori wa rolekisi amebandika karatasi kibandani:
WACHEZAJI HAWAKOPESHWI.
Redioni wanauliza kama vijana hawa wana moyo kweli,
au vifua vyao vimejaa vumbi la saruji
kama mapaa yetu.

Kocha naye ameandika ukutani kwa mkaa:
UGUMU NI WA AKILI, MIGUU HUFUATA.
Ya akili siyajui. Sijawahi kuianika.
Ila tope nalijua.
Najua aliyeshinda na aliyeshindwa huchafuka sawasawa,
na povu haliulizi matokeo.
Jezi ya Ochwo huja kiwiko kimekwisha,
bukta yake ina damu iliyoganda nyongani,
haitoki ila kwa chumvi na maji baridi.
Ya Emuria, namba sita, ina jasho lililokauka shingoni,
jeupe, ungeweza kuungia mboga.
Hao ndio mnaowaita wavivu.

Lakini tisa.

Wiki tatu mfululizo namba tisa huja safi.
Safi kama shuka la mgeni ambaye hakulala.
Okecho, aliyekosa penalti ile ya mechi ya nane,
mpira ukaenda zake hadi kwenye mihogo ya watu,
tangu siku hiyo anakimbia kama mtu
anayekatiza ua wa jirani usiku, asitake mbwa wamsikie.
Jukwaani wanasema ni mkosi.
Mimi na karai langu tunajua si mkosi,
na hatukumwambia mtu.
Nikaifua hivyo hivyo, safi juu ya safi.
Nikaipiga pasi mara mbili.
Sijui kwa nini mara mbili.

Juzi ilikuwa ya kumi na mbili.
Moja kwa nunge, dakika ya mwisho, kama desturi yetu.
Chupa zikaruka. Mtu mmoja akaichoma skafu yake,
kisha akakumbuka bei aliyoinunulia
akaanza kuikanyaga aizime.
Nikarudi nyumbani bila kumsalimu mtu,
nikalala na viatu.

Leo gunia limekuja.
Nimeitafuta tisa kwanza,
nikichakura kama anayetafuta barua yenye jina lake.
Tope kifuani. Tope mgongoni. Nyasi ndani ya kola.
Alama ya daluga la mtu mwingine begani,
na kwapa limechanika hadi mbavuni.
Nimecheka peke yangu hapa uani,
kuku wakaacha kudonoa, wakanitazama.

Tungali mkiani.
Owori karatasi yake hajaibandua, wala simlaumu,
unga nao una bei.
Uzi mweupe umeniishia,
kwapa nimelishona kwa uzi wa kijani,
mishono mikubwa, ya haraka, ya mtu mwenye hasira bado.
Hauonekani mikono ikiwa chini.
Siku atakayoiinua
mtauona.