Umeruka Mstari

Mimi ndiye mpanga viti wa kanisa letu hapa Hombolo,
kazi isiyo na mshahara ila madaraka inayo:
nikikuonyesha benchi la nyuma, kaa.
Viti vya plastiki tunavyo kumi na vinne,
na kochi moja la sponji, lenye kitambaa cha kufuma,
zawadi ya marehemu Mama Chiuyo.
Hilo halikaliwi ovyo.

Jumapili ile upepo ulibeba vumbi lote la Makutupora
ukalimwaga mlangoni kwetu,
na ndani ya vumbi likatokea gari,
na ndani ya gari mtu mwenye pete. Pete, ndugu zangu,
kubwa kama kizibo cha soda.
Sikumuuliza jina; magoti yangu yalishamjua.
Nikampangusia kochi kwa leso yangu mwenyewe,
ile niliyonunuliwa Pasaka.

Nyuma yake akaingia Masima, mchunga mbuzi za watu,
ananukia kazi yake.
Nikamwambia, "Kaka, pale chini, karibu na ngoma, pana kivuli."
Kivuli! Ndani ya kanisa!
Kana kwamba sisi wengine tulianikwa.

Sasa, zamu ya kusoma waraka ilikuwa yangu.
Sikujiandaa. Jumamosi nilikuwa mnadani Msalato,
na nyama ya kuchoma haina haraka.
Nikafungua palipokuwa na utepe, nikakohoa kidogo,
nikaanza kwa sauti ile ya redio
ninayoitunza kwa kusomea na kukopea.

Sijafika mbali, barua ikanigeukia.
Mtu aliyekufa karne na karne,
hajui zabibu zetu wala mlenda wetu,
anaeleza habari ya pete.
Anaeleza habari ya kiti kizuri.
Anaeleza habari ya maskini aliyeambiwa akae chini.
Alibakiza kuitaja ngoma tu.

Nikafanya ambalo mwenye akili angefanya:
nikameza mate, nikaruka,
nikatua salama mistari mitano mbele.

"Umeruka!"

Bibi Mbeleje. Macho yalishamwacha tangu mwaka wa njaa,
hasomi, lakini nyaraka zote anazo kichwani
kama mwenye duka na madeni ya mtaa.
"Umeruka mstari, mwana wa Chilewa. Rudi. Pale penye pete."

Nikarudi. Wewe ungefanyaje?
Nikasoma kwa sauti ya beberu aliyeona kisu.
Masima anachekea kiganjani.
Mwenye pete akaichomoa taratibu, akaitia mfukoni,
akasogea, akapigapiga sponji:
"Kaka, njoo huku, panatosha wawili."
Wakakaa. Harufu ya mbuzi na harufu ya manukato
hazikupatana, lakini zilivumiliana mpaka sadaka.

Nyumbani sikula. Nilikuwa na kazi ya kumsema yule bibi.
Nikamsema hata ugali wa uwele ukaota ngozi.
Mke wangu Ndalu akaningoja, kisha kwa upole ule unaokata:
"Barua hiyohiyo, mbele kidogo, si kuna habari za ulimi?"
Nikajiuma ulimi. Kweli nilijiuma, pamoja na mlenda.

Usiku nikawasha tochi ya simu
nijue mzee huyu ananidai nini kingine.
Ningejua nisingefungua.
Karibu na mwisho amewakamata wenye mashamba:
ujira uliozuiliwa, anasema, una sauti.
Nikasikiliza.
Kulikuwa na upepo kwenye bati,
na mbwa wa jirani,
na elfu kumi na nne za Masima
tangu alipopalilia mizabibu yangu mwezi wa pili.

Nikajiambia: kesho nakwenda mjini, nauza, napata, namlipa.
Nikarudi ukurasa mmoja nyuma nipumzike,
kumbe hata hilo la kesho kaliandika!
Nani alimwambia?

Alfajiri nikampelekea Masima elfu kumi.
Akazihesabu mara mbili,
akanitazama kama ambavyo Bibi Mbeleje angenitazama
angekuwa na macho:

"Umeruka elfu nne."