Vidole vya Msimu

Weka kidole, ananiambia binti wa laini za simu,
hapa Mtwara mjini, chini ya mwavuli wake.
Naweka. Kimashine kinakataa.
Futa jasho, weka tena. Kinakataa.
Cha shahada? Kinakataa. Gumba je?
Ananitazama kama mtu aliyeazima mikono ya mwenzake.

Ningemweleza, ila nyuma yangu kuna foleni:
kwamba siku tatu nilikuwa Mnyambe kwa dada Somoe
tukibangua korosho kienyeji, jiwe juu ya jiwe,
na mafuta ya ganda yamenibambua ncha za vidole
kama yalivyonibambua nikiwa na miaka saba,
tisa, kumi na moja,
kila msimu ngozi ikitoka, kila masika ikiota nyingine.

Hatukuwa na bomba.
Maji tuliyapima kwa kikombe, kama sukari.
Njia ya kuteremkia bondeni ilitubembeleza;
kupanda ndiko kulikotufundisha kunyamaza.
Somoe na ndoo kichwani, shingo imenyooka,
mimi na kidumu cha lita tano,
kulia, kushoto, kulia,
na ukungu wa alfajiri umejaa bonde zima, mweupe, mzito,
hata Mfaume akaapa angeweza kuukanyaga
avuke kwa miguu mpaka Msumbiji,
akamsalimie mjomba,
arudi kabla ya kengele ya shule.

Mwezi wa sita baba alirudi kutoka shambani akiwa wa njano:
salfa kwenye kope, salfa kwenye masharubu,
pampu bado ikimngurumia masikioni.
Mama akampokea kwa mbali:
"Usinisogelee, Chikoti, kaoge kwanza!"
"Kwa maji gani?"
Wakacheka wakashika mbavu,
nasi tukacheka, bila kujua cha kuchekesha.

Kisha mabibo. Jamani, mabibo!
Mekundu, ya njano, yanakereketa koo na bado unaongeza,
shati la shule limepata doa lisilojua sabuni.
Mwalimu Nandonde alituita kwa madoa yetu:
"Wewe mwenye ramani ya Afrika, simama!"
Bibi alikamua uraka nyuma ya nyumba
akatuambia ni dawa ya kifua.
Kifua chake kiliuma kila jioni
kuanzia Oktoba.

Na usiku wa moto:
bati bovu lililotobolewa kwa msumari,
korosho zinatema mafuta, mwali unaruka, moshi mweusi ti,
Somoe kajifunga kanga, yamebaki macho,
anakoroga kwa mti mrefu kama anapigana na mtu.
"Rudini nyuma!"
Tunarudi hatua moja.
Tunasogea mbili.
Mchanga unamwagwa, moto unakufa ukilalamika,
halafu mawe yanaanza: ta, ta, ta.
Nzima ziliingia kwenye ungo wa mama, hizo za kuuza.
Zilizovunjika zilikuwa zetu.
Ndipo tulipojifunza kukosea jiwe
kwa makusudi.

Mama alijua. Lazima alijua.
Hakuna watoto wanaokosea namna ile
walio na macho mazima.

Juzi Somoe, mvi zimemfika kwenye nyusi,
alipiga korosho moja kiubavu, ikapasuka vipande vinne.
Hakunitazama. Alinisogezea tu kwa kiganja:
"Imeharibika hiyo. Kula."
Nikala. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili,
mkaguzi wa hesabu, miwani puani,
nikalamba kiganja.

"Kaka," anasema binti, ameshakizima kimashine,
"unatoka korosho wewe."
Si kwamba anauliza.
"Mama yangu naye kinamkataa hivyo hivyo, kila mwaka.
Njoo vikiota."

Foleni inanisukuma pembeni.
Nanusa vidole: moshi bado upo,
chini ya kucha, mbishi,
haujaandikishwa popote.