Zamu

Kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda cha babu,
mlikuwa na dira isiyojali kaskazini.
Sindano yake, nyembamba kama unywele wa mtoto,
ilimgeukia yeyote aliyeipelekea umeme,
hata wa betri ya tochi.
Ndani ya kifuniko, kwa wino uliopauka: K. Ahlbrecht, Moshi.

Mwana wa fundi saa, huyo Ahlbrecht.
Babu alimjua kwa vipande, kama mtumishi amjuavyo bwana:
kwa makoti, kwa kikohozi, kwa barua zilizochanwa.
Ujanani alipima nyaya miaka saba, chumba cha chini ya ardhi,
za shaba, za chuma, za fedha aliyoazima kwa sonara,
akijaza daftari tarakimu huku vidole vikifa ganzi.
Profesa wake akalichukua daftari,
likarudi limekuwa kitabu, na jina la profesa juu.
Akaenda kiwanda cha kebo. Akawasha taa za stesheni
ambazo hakuwa na mtu wa kumpokea.
Kisha serikali yake ikamleta huku
apime radi ya mlima
na avute waya wa simu hadi bomani.

Wenzake wamekuwa vipimo.
Mtoto wa kidato cha pili anawataja bila kuwajua:
volti, ampea, omu, wati.
Hakuna aliyewahi kununua balbu ya ahlbrecht sitini.

Ila kule Kidia taa aliiwasha.
Alifunga gurudumu la mti kwenye mfongo wetu,
mkanda wa ngozi ya ng'ombe, dinamo iliyokuja na meli,
na babu, Ndekirwa, kijana wa kupaka grisi.
Taa moja, barazani. Watu walipanda kutoka mbali
kuitazama inavyowaka bila kupungua,
na mama mmoja akauliza inakula nini.

Usiku wa kumi ikafifia, ikawa nyekundu kama kaa,
ikazima.

Daktari akafungua dinamo, akafunga. Akasugua shaba.
Akaupima waya wote akitambaa.
Akaanza kutukana kwa lugha yao, polepole, kama anayesali.
Babu akasubiri amalize.
"Ni zamu ya Ndeshi," akasema. "Maji yako kwenye migomba yake.
Yatarudi keshokutwa asubuhi."

Mzungu akakaa chini kwenye majani yenye umande,
akamwambia babu achore:
mfongo mpana, mfongo mwembamba, mteremko,
nani akifungua wapi, wa chini anabaki na nini.
Babu akachora kwa kijiti kwenye tope.
Yule akaandika herufi tatu kando ya mchoro,
akacheka hadi kikohozi kikamkaba.
Babu hakuambiwa kichekesho kilikuwa wapi.
Hilo lilimuudhi hadi anakufa.

Vita vikaja, askari wa upande wa pili wakamwondoa.
Shaba ya dinamo ikawa bangili za mabibi harusi.
Alibakiza deni la mishahara miwili
na sanduku hili. Babu akahesabu yameisha.

Mimi nimepanda nguzo za mji huu miaka thelathini na moja,
Majengo, Pasua, Soweto, Kiboriloni,
mkanda kiunoni, matusi ya wateja chini.
Nimewaeleza mgao kwa maneno ya ofisi:
mitambo, kina cha bwawa, samahani kwa usumbufu.

Jana umeme ukakatika katikati ya taarifa ya habari.
Friji ikakohoa, ikanyamaza.
"Kimeharibika nini?" akauliza mjukuu wangu.
"Hakuna. Ni zamu ya mtu mwingine."
"Nani?"

Nikabaki nimeshika kiberiti.
Babu angekuwa na jina.