Ndo! Ndo! Ndo!

Usiniulize kwa nini Kihispania.
Veijo wa karakana ameshauliza, dada yangu pia,
na daktari wa meno, nikiwa nimeachama.
Sina mchumba Madrid. Sina tiketi ya ndege.
Nilikuwa natafuta habari za barafu,
kidole kikateleza kwenye simu,
mwanamke akaingia ndani ya lori langu
akazungumza nami mpaka mpakani.

Saa saba usiku, barabara ya Vartius,
nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Koleo la chuma linakoroma juu ya lami,
theluji inaruka kulia, inawazika misonobari.
Na yeye, Nolfa, kusini kabisa mwa Chile,
kwake ni saa mbili na jua bado halijatua,
watu wanakusanya majani ya ng'ombe.
Anawasomea salamu wasiofikiwa na simu.

Mwezi wa kwanza ulikuwa chururu.
Bomba lililopasuka: hakuna fundo, hakuna mshono,
sikujua neno linakufa wapi, lingine linazaliwa wapi.
Kitabu sikununua. Nilimwacha amwagike.
Chururu, si ndo! ndo! ndo!, husema wahenga,
na kwa mtungi wana haki.
Sikio ni chombo kingine.
Sikio hushiba siku chururu inapokatika.

Ndo!
Mesa.
Karibu na daraja la Lentiira, neno zima, na miguu yake minne.
Ndo!
Hasta.
Hata leo sijui kwa nini hilo lilinata mapema.
Kisha Alhamisi yao, mvua yao, kamba, ndama.
Wiki tatu niliamini Yapo ni mume wa Nolfa,
maana kila sentensi alimwita: ya po, ya po.
Nilimhurumia, mume asiyeitika.
Kumbe ni mkia tu wa maneno, kama sisi tunavyosema "basi".
Nilicheka peke yangu, kulungu wawili barabarani
wakanitazama kana kwamba nimewadai njia.

Ikaja salamu ya Remigio.
Usiku wa kwanza nilipata jina, basi.
Usiku wa pili, madre.
Usiku wa tatu nilizima feni ya joto nisikie vizuri,
vidole vikafa ganzi kwenye usukani:
Remigio, ulipo huko juu kwenye mbao,
shuka. Boti ya Alhamisi. Mama anakuuliza.

Usiku wa nne Nolfa alisoma ng'ombe aliyepotea,
zamu ya kliniki, bei ya sufu,
akanyamaza kidogo, akaweka tangazo la misumari.
Remigio hakutajwa.
Miezi mitano nilikuwa nikisaka maneno,
na la kwanza kulielewa bila kulitafuta
lilikuwa hilo ambalo halikusemwa.

Jumatatu walishukuru.
Familia inawashukuru waliobeba, waliopika,
waliotuma azúcar.
Sukari! Nilisimamisha lori katikati ya njia,
taa za manjano zikizunguka juu ya weupe,
tani tatu za mchanga na chumvi nyuma yangu.
Sikujua kama Remigio aliiwahi boti.
Redio haikusema, na mimi nani nimuulize?

Mdomo wangu ulikuwa haujaonja hata silabi moja.
Niliufungua pale, moshi wa pumzi ukatangulia.
Lo siento, nikamwambia yule mwanamke,
ambaye hanisikii na hatanisikia.
Ndivyo wanavyotoa pole kwao.
Ukilipasua ganda neno hilo, ndani hukuti pole.
Unakuta mtu anayesema: nasikia.

Nikashusha koleo.
Zilibaki kilomita kumi na moja, na theluji ilikuwa inaanza upya.