Ya Kale Yananuka Siki

Gobori hunifikia Ibra ndani ya kasha,
limeviringwa karatasi, linang'aa
kama bwana harusi asiyejua ataulizwa nini.
Waliosema kipya kinyemi hawajafungua duka hapa.
Mteja hulipindua, hulinusa, hunirudishia:
"Bi Thuwaiba, hili bado toto."

Basi nalilea.
Msasa kwanza, nusu siku, niivue rangi ya kiwandani
hadi kucha zangu zinaota vumbi la chuma.
Halafu siki na chumvi, kitambaa chepechepe,
na mtutu ulale bafuni usiku kucha
kando ya ndoo ya maji ya moto, mlango nimeukaza.
Mjukuu wangu Shinuna huuliza nani anaoga.

Alfajiri kutu imechipua, rangi ya bizari,
kutu changa, yenye kujionyesha.
Naifuta kwa mafuta. Nairudisha bafuni.
Mara nne, mara tano, mpaka kahawia itulie.

Kitako nakinywesha chai ya rangi iliyochemka ikawa dawa,
nakisugua majivu ya mekoni, kisha nta.
Shaba sitasema naitia nini.
Mbuzi wa jirani anajua.

Marehemu Zahor alinifunza neno moja,
mikono yake ilipoanza kutetema nikashika mimi tupa:
usizeeshe pote.
Lilipolala shavu, pang'ae.
Ulipokwaruza mkanda, pachubuke.
Kwenye pembe kidole hakifiki, uchafu ubaki.
"Uzee si uchafu, mama Nasra. Ni palipoguswa."

Mengi huchezewa razha harusini,
mengine huning'inia hotelini juu ya vichwa vya wageni.
Yote, chini ya bamba la kitako, nayapiga nukta tatu,
asije mtu akaapa kwa jina langu.

Kisha akaja Mzee Hamdun, kutoka Mudhairib,
na gobori la kweli ndani ya blanketi la mtoto.
Wana wawili, gobori moja.
Wamenuniana tangu mwezi wa Mlisho.
"Nitengenezee la pili," akasema. "Kovu kwa kovu."

Wiki sita tulikaa, mimi na hayo mawili.
Nilipima kila mkwaruzo kwa uzi.
Karibu na kifyatulio palikuwa na pengo dogo,
kama jino limeuma mti.
Nilimpigia simu kumuuliza. Kimya.
Nikasikia feni yake ikizunguka.
"Hilo pia," akasema.
Nikalichonga hilo pia,
bila kujua namchonga nani.

Siku ya kuchukua niliyalaza mkekani.
Akayapapasa. Akafumba macho, akayapapasa tena.
Kidole gumba kikaingia kwenye pengo la moja,
kikaingia kwenye pengo la jingine,
kikakaa.
Nilifungua mdomo. Akaninyooshea kiganja.
Akayafunika yote blanketi lile lile,
akayageuza, akayageuza, kama mtu anayekoroga uji,
akayabeba hivyo hivyo hadi kwenye pikapu.

Sikumwambia habari ya nukta.
Bisibisi ziko kila nyumba,
na wana wale si wajinga.

Watu husema ya kale hayanuki.
Niliingia ndani, nikanawa mara tatu kwa sabuni ya ndimu.
Shinuna akatoka bafuni na taulo kichwani,
pua ameikunja.
"Bibi," akasema, "humu mnanuka zamani."