Hesabu ya Kutoa

Jumanne, saa nne kasoro,
nimeandika ubaoni kumi na mbili kutoa tano.
Vumbi la Gobi limeziba madirisha,
taa tumewasha mchana,
ndipo Tuguldur, mtoto asiyepiga chafya bila kuomba ruhusa,
akainua kidevu, akalia: mee.

Nilidhani amekohoa. Nikageukia ubao.
Mee, akajibu Anujin kutoka dirishani,
akafuata Huslen, wakafuata wale pacha wa dereva,
na kabla sijaitua chaki
watoto ishirini na sita wa darasa la kwanza
wamekuwa zizi.

Nilifanya yote niliyofundishwa chuoni.
Nilinyamaza. Niliwakazia macho.
Nilipiga meza kwa rula, rula ikakatika,
kipande kikaruka hadi kwenye jiko la makaa,
wakacheka kwanza, kisha wakaendelea
kwa zamu, kama waliogawana mistari.
Niliyemsogelea alifunga mdomo,
akanitazama kwa macho ya malaika;
nyuma yangu safu nzima inalia.

Nikamsimamisha Temuge ukutani.
Huyu ni mwana wa mwenye duka, mzaliwa wa hapa hapa,
kondoo amemjulia ndani ya maandazi ya nyama.
Mlio wake ulikuwa wa hovyo,
kati ya paka na pikipiki.
Nikang'ata shavu kwa ndani,
maana mwalimu akicheka, ndio mwisho wa serikali.

Mwalimu mkuu Gerelchuluun akafungua mlango.
Kimya.
Mikono yote juu ya meza.
"Kuna nini humu?"
"Tunajifunza kutoa," nikasema.
Akatazama rula, akamtazama Temuge ukutani,
akafunga mlango taratibu.
Mpaka leo sijui kwa nini niliwaficha.

Anujin ndiye aliyeanza kulia kwa machozi.
Alisema kondoo wake, yule mwenye sikio lililochanika,
anazaa wiki hii,
na hakuna wa kushika tochi:
kaka yuko jeshini, mama ana mgongo.
Huslen akasema kwao wamezaliwa tisa, ameambiwa kwa simu.
Tuguldur akasema kwao wanne wamekufa kwa baridi.
Hakulia. Alisema tu,
kama anayejibu swali la ubaoni.

Miaka sita, saba. Wengi wao wanalala bwenini,
mama yuko kilomita sitini nyuma ya vumbi,
na mimi nawauliza kumi na mbili kutoa tano.

Nami nililala bweni lile lile.
Niliiba chumvi jikoni, nikaificha chini ya mto
kwa ajili ya mbuzi ambaye sikumwona hadi Juni.
Nilikuwa nimesahau.
Labda ndiyo kazi ya utu uzima,
au ndiyo ila yake.

Nikaketi juu ya meza, jambo ninalowakataza,
nikaimba ule wito wa kumbembeleza kondoo
anayemkataa mwanawe:
toig, toig, toig.
Sauti yangu ina nyufa, mimi si mwimbaji.
Darasa likatulia, si lote.
Wawili walisinzia.
Mmoja alitumia nafasi hiyo kula mkate wa jirani yake.

Kisha nikafuta ubao, nikaandika upya:
kwa kina Anujin kuna kondoo kumi na wawili wenye mimba,
watano wamezaa.
Mikono ikapaa yote, hata ya waliosinzia.
"Na mapacha, mwalimu? Mapacha tunawahesabuje?"
Sikuwa na jibu.

Usidhani niliwashinda.
Jumatano nilikuta chaki zimelowekwa kwenye maziwa,
na ndani ya droo yangu, amefungwa skafu,
panya wa nyikani, mzima,
akinitazama kama mkaguzi wa elimu.
Nikauliza ni nani.
Kimya; halafu, kutoka nyuma kabisa, Temuge peke yake:
mee.

Amefanya mazoezi, namsifu.
Safari hii ilikuwa safi.